JUKWAA SI BUNGE

Kijana aliyezoea kushangiliwa jukwaani akichaguliwa kuwa Mbunge, watu hufurahi ya kwamba wamepata msemaji. Furaha hiyo ni halali. Lakini yafaa tujiulize: msemaji huyo akasema nini, na sisi tuliomtuma tutafanya nini baada ya kupiga kura?

Mbeya yatufunza. Tangu zamani imepeleka wanaharakati Bungeni: John Mwakangale wa TANU alikuwa Mbunge tayari mwaka 1962 alipompokea Nelson Mandela mjini hapo. Karibu miaka hamsini baadaye akaja Joseph Mbilinyi, ajulikanaye kwa jina la Sugu, mmoja wa vijana walioufanya muziki wa kufoka kwa Kiswahili usikike nchi nzima katika miaka ya 1990. Oktoba 2010, akiwa na miaka 38, alichaguliwa Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Iringa Mjini nayo ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa wa chama hicho hicho. Wote wawili walirudishwa mwaka 2015.

Mtihani ulikuja mapema. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto Desemba 2006, na wachuuzi wakahangaika kutafuta mahali pa kupanga bidhaa. Novemba 2011 machinga wa Mbeya wakapambana na polisi. Mbunge alikwenda kuwasihi watulie, nao wakamsikia. Hapo sauti ya jukwaani ilifaa sana. Lakini kutuliza umati ni kazi ya siku moja. Kumpatia mchuuzi meza ya kuuzia ni kazi ya bajeti, ya sheria ndogo za Halmashauri, na ya vikao virefu visivyo na makofi. Kijana anayetaka Ubunge na ajue ya kwamba kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Mtihani mwingine ulikuwa mkali zaidi. Februari 2018 mahakama mjini Mbeya ilimhukumu Sugu kifungo cha miezi mitano kwa maneno aliyoyasema juu ya Rais Magufuli katika mkutano wa hadhara. Alitoka Mei. Twasema wazi: neno la Mbunge likiwa baya, na lijibiwe kwa neno, kisha wapiga kura waamue. Mbunge akifungwa kwa ajili ya maneno, waliomtuma nao wamezibwa midomo.

Mwaka 2020, katika uchaguzi uliolalamikiwa sana na wapinzani, kiti cha Mbeya Mjini kilikwenda kwa Dkt. Tulia Ackson wa CCM, na cha Iringa Mjini kikamtoka Msigwa. Mwaka 2024 Sugu alimshinda Msigwa katika kugombea uenyekiti wa Kanda ya Nyasa ya CHADEMA. Baadaye Msigwa akajiunga na CCM.

Basi viti hubadilika, na watu huhama vyama. Asiyehama ni mwananchi mwenye shida yake. Ndugu wananchi wa Mbeya na Iringa, msimpeleke kijana Bungeni kisha mkaenda kulala. Mwiteni mikutanoni. Mwulizeni alisema nini, alipiga kura upande gani, na amerudi na nini. Akionewa, mteteeni. Akilala, mwamsheni. Asipoamka, kura ni yenu.