Kusitiri Si Kuzika: Mabomba ya Jikoni



Dada yetu mmoja wa Wote, Makueni, ameuliza: mabomba ya jikoni kwake yamepita nje ya ukuta, naye huona haya mbele ya wageni. Fundi ataka kuyafukia kwa saruji. Mumewe asema huo ni ufujaji wa mali. Ni nani mwenye haki?

Jawabu: kuipamba nyumba kwa kiasi si israfu; dini yetu yapenda usafi na uzuri. Lakini kusitiri ni jambo moja na kuzika ni jambo jingine. Bomba lililozikwa likivuja, maji hupotea kimyakimya, ukuta huingia unyevu, na siku ya kulitengeneza hapana budi kuuvunja.

Na maji yenyewe yatoka wapi? Mito mingi ya Kitui na Makueni hukauka wakati wa kiangazi, watu wakachimba mchangani kuyatafuta. Maji ya bomba mjini Kitui husafiri kutoka bwawa la Masinga, katika mto Tana. Hata Mombasa, wengi wetu twanywa maji ya Mzima, yaliyochujwa chini ya vilima vya Chyulu, mpakani mwa Makueni. Imepokewa katika Sunan Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimkataza Saad kufuja maji ya udhu, japo awe kando ya mto utiririkao. Seuze penye mto mkavu?

Basi rai yetu ni hii. Mabomba yafunikwe kwa kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi ya ukuta, kikazwe kwa skrubu wala si kwa misumari, ili kifunguke. Yaliyo chini ya sinki yatiwe ndani ya kabati lisilo na ubao wa nyuma. Koki ya kufungia maji na viungo vyote viwekewe kimlango. Bomba la gesi lisifungiwe humo. Liachwe penye hewa.

Kabla ya kufunika, fungeni mifereji yote usiku na mwandike nambari za mita. Alfajiri mkizikuta zimesogea, pana mahali pavujapo. Mwenye tangi afunge kwanza maji yaingiayo, kisha atie alama penye kimo cha maji.

Nyumba ikiwa ya kupanga, idhini ya mwenyewe itangulie.

Kwa njia hii mume atahifadhi mali yake, na mke atapata jiko la kumpendeza, wala hapatakuwa na ugomvi.

Wabillahi tawfiq.