Panya wa Majabali na Moyo wa Mwanadamu

Mkulima wa Gachoka akijikata kwa panga shambani, jeraha hufunga na kuacha kovu, naye huendelea kulima. Kovu la moyoni ni jambo lingine. Mshipa uulishao moyo damu ukiziba, sehemu ya misuli hufa, na kovu lishikalo mahali pake haliwezi kusukuma chochote. Wataalamu wa Stockholm walikadiria mwaka 2009 kwamba kijana wa miaka 25 hupata upya asilimia moja tu ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka.

Yupo, hata hivyo, kiumbe asiyeridhika na kovu, tena ni wa huku kwetu: panya wa miiba, akaaye katika majabali ya nchi kame. Adui akimkamata, ngozi huchanika naye akaponyoka. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake, waliowachunguza panya hao huko Mpala, Laikipia, upande wa pili wa Mlima Kenya, walieleza kuwa ngozi hiyo humea tena pamoja na nywele zake, na tundu la milimita 4 sikioni huziba. Uchunguzi wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba hata moyo wake ukizibwa mshipa hustahimili kuliko wa panya wa kawaida.

Siri i wapi? Seli hupokezana ishara: protini moja huiamsha nyingine, hata habari ifike katika kiini na kuamua kama seli itagawanyika au itafuma kovu. Njia mojawapo huitwa ERK. Mwaka 2023 ilibainika kuwa ishara hiyo hudumu katika sikio lililojeruhiwa la panya wa miiba, ilhali kwa panya wa kawaida huzimika mapema. Ilipowashwa tena, sikio la huyu wa kawaida likaanza kuelekea kumea upya. Hilo ni sikio, si moyo. Na mtu asikimbilie kuiita dawa, kwani ERK isiyozimika ndiyo iendeshayo saratani nyingi.

Kazi ingali kubwa, basi, nasi tumeiachia nani? Sheria ya Sayansi ya mwaka 2013 iliutengea Mfuko wa Taifa wa Utafiti asilimia 2 ya pato la nchi. Kiwango hicho hakijapata kufikiwa. Panya ni wetu na majabali ni yetu, lakini dawa ikipatikana tutauziwa kwa bei ya ng'ambo. Wabunge wa Embu watakapoijadili bajeti ijayo, na waulize ni lini sheria waliyoirithi itatimizwa.