Askari Lindoni, Mtoto Mikononi mwa Nani?

Mwanajeshi aliyepangiwa zamu ya alfajiri hana nafasi ya kubishana na mlezi wa mtoto wake. Humfikisha kituoni kabla jua halijachomoza, humkabidhi pamoja na nepi zake na chupa ya maziwa, kisha hukimbilia paredi. Jioni akimkuta mtoto ana alama pajani, au akiona kwamba mtoto huyo hulia kila auonapo mlango ule, afanye nini? Raia mwenye fedha atamwondoa mtoto wake na kumpeleka kwingine. Askari wa kambini hana kwingine, na mkubwa anayepaswa kuyapokea malalamiko yake huenda ndiye huyo huyo anayemwandikia ripoti ya kupandishwa cheo.

Kwetu sisi mtoto wa askari kwa kawaida huachwa kwa jirani katika laini, au hupelekwa kwa bibi yake. Lakini pale ambapo baba na mama wote wawili huvaa sare, au mama ni askari naye hana mwenzi, jirani hatoshi. Kwa hiyo tumeona inafaa kuitazama Marekani, ambako jeshi lililazimika kulikabili jambo hili hadharani.

Hadi mwaka 1973 nchi ile ilikuwa ikiwaita vijana jeshini kwa nguvu ya sheria, na wengi wa waliokuja walikuwa vijana wasio na jamaa wa kuwategemea. Utaratibu huo ulipokoma, jeshi likawa la watu wanaojiandikisha kwa hiari. Wakaingia wenye ndoa na watoto, na wanawake wakaongezeka kuliko zamani. Fikra za wakubwa, hata hivyo, hazikubadilika upesi. Ulikuwako msemo wa kambini kwamba kama jeshi lingetaka uwe na mke, lingekugawia mmoja pamoja na buti. Msemo huo ulichekesha, lakini ndio uliokuwa ukiongoza mipango ya fedha.

Mwaka 1982 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa juu ya vituo vya kulelea watoto vilivyomo katika kambi. Ilionekana kwamba vingi havikuwa salama kwa upande wa moto na usafi, na baadhi vilikuwa katika majengo makuukuu yaliyojengwa kwa kazi nyingine kabisa. Walezi walilipwa mishahara duni mno, wakawa hawakai. Katika vituo vingine kiwango cha watumishi kuacha kazi kilifika asilimia 300 kwa mwaka, maana yake ni kwamba nafasi moja iliweza kushikwa na watu watatu wapya, mmoja baada ya mwingine, kabla mwaka haujakwisha. Mtoto wa miaka miwili aliyemzoea mlezi wake humkosa asubuhi moja, na hakuna anayemweleza sababu.

Wazazi walikuwa wakinung'unika siku nyingi. Kilichowafanya wasikilizwe ni balaa lililotokea katika kambi ya Presidio, mjini San Francisco. Mwishoni mwa mwaka 1986 mzazi mmoja alieleza kwamba mtoto wake amenajisiwa katika kituo cha kambi hiyo. Wazazi wengine hawakuarifiwa mara moja. Zilipita wiki kadhaa, na katika wiki hizo waliendelea kuwapeleka watoto wao pale pale kila asubuhi. Katika mwaka 1987 idadi ya watoto walioshukiwa kuwa wamedhuriwa ikapita 50. Mtumishi mmoja alishtakiwa, lakini mashtaka hayakusimama, wala hakuna aliyehukumiwa. Hasira kubwa ya wazazi, ambao wengi wao walikuwa wanajeshi wenye utii wa miaka mingi, ilitokana na kule kunyamaziwa. Walihisi kwamba wakubwa wao walikuwa wakiilinda kambi zaidi ya kuwalinda watoto.

Bunge liliingilia kati, na mwezi wa Novemba 1989 ikapatikana sheria maalumu juu ya malezi ya watoto wa wanajeshi. Wasomaji wetu, ambao wanajua maana ya ukaguzi, watapendezwa na mambo yaliyomo. Kila kituo kilitakiwa kukaguliwa si chini ya mara nne kwa mwaka bila kupewa taarifa. Kila mmoja wetu anajua jinsi ukaguzi uliotangazwa unavyokuwa: rangi mpya ukutani, vitanda vimenyooshwa, na mambo ya jana yamefichwa stoo. Tena iliwekwa simu ambayo mtu yeyote aliweza kuitumia kutoa habari za mtoto kutendewa vibaya au za kanuni kuvunjwa, bila kulazimika kulitaja jina lake. Hivyo koplo hakuhitaji tena kupita mbele ya meza ya mkubwa wake ili aseme kwamba mwanawe amepigwa. Kila kituo kikawa na kamati ya wazazi.

Ada nazo zilipangwa kwa kadiri ya kipato, hata askari wa cheo cha chini asilipe sawa na kanali, na serikali ikatakiwa kutoa fedha zisizopungua zile zilizolipwa na wazazi. Lakini kwa maoni yetu jambo lililoleta mageuzi hasa ni mishahara. Sheria iliagiza kwamba walezi walipwe sawa na watumishi wengine wa kambini wenye mafunzo na muda wa kazi unaolingana na wao, na kwamba wafundishwe kazi yao. Kabla ya hapo, mtu aliyelinda ghala aliweza kumpita kwa mshahara yule aliyelinda watoto kumi. Mlezi aliyeona faida ya kukaa alikaa. Kufikia mwaka 2000, vituo 95 katika kila 100 vya jeshi vilikuwa vimepata ithibati ya chama cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, hali ya kuwa vya uraiani vilikuwa 8 tu katika kila 100. Mambo yaliyokuwa aibu ya jeshi yakawa mfano kwa raia.

Kwa upande wa askari polisi liko tukio jingine, la miaka ile ile na katika jimbo lile lile la California, lisilofaa kupuuzwa. Mwaka 1983, katika mji wa Manhattan Beach, mama mmoja aliwaambia polisi kwamba mwanawe amenajisiwa katika shule ya chekechea. Polisi walimkamata mtuhumiwa, wakamwachia kwa kukosa ushahidi, kisha wakawaandikia barua wazazi wapatao 200. Barua hiyo ilimtaja mtuhumiwa kwa jina na kuwaomba wazazi wawaulize watoto wao kama wametendwa mambo fulani, nayo ikayataja mambo yenyewe. Mji ulishikwa na hofu. Mamia ya watoto walihojiwa kwa maswali yaliyobeba majibu ndani yake, na hadithi zikakua hata kufikia mahandaki ya siri chini ya shule. Watu saba walishtakiwa. Kesi ilipokwisha mwaka 1990 ilikuwa imegharimu dola zipatazo milioni 15, na hakuna aliyepatikana na hatia, ingawa mmoja wao alikuwa amekaa rumande miaka mitano.

Hatusemi kwamba yule mama angepuuzwa. Malalamiko ya mzazi ni mwanzo wa upelelezi, na yanastahili kuandikwa siku ile ile, saa ile ile, na mtu anayejua kumsikiliza mtoto bila kumtia maneno kinywani. Kule Presidio wazazi walicheleweshewa habari. Kule Manhattan Beach walipewa tuhuma kabla haijachunguzwa. Katika sehemu zote mbili watoto ndio walioumia, na ukweli ukawa mgumu kuupata.

Hata leo mambo hayajanyooka yote katika kambi za Marekani. Ubora wa vituo umewafanya wengi wavitake, na walezi hawatoshi, hivyo orodha za wanaosubiri nafasi ni ndefu. Sajini anayehamishwa kutoka kambi moja kwenda nyingine huweza kuanza upya kungoja, na miezi ikapita. Katika muda huo mkewe huacha kazi ili akae na mtoto, au, wakiwa wote wawili ni askari, mmoja wao huanza kuulizia namna ya kuandika barua ya kuomba kuacha utumishi.