JINA HALIJAZI NDOO



Ndugu wasomaji, tulipomchagua amiri wa darasa hapa madrasa kwetu Kihonda, kijana mmoja aliandika kwenye karatasi jina ambalo halimo katika daftari la mahudhurio. Nilipomwuliza akajibu: "Ustadh, hili ndilo wanalonijua nalo. La nyumbani halina kura." Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini neno lile lilinikaa moyoni, kwa sababu wakubwa nao hufanya hivyo.

Kenya, Gidion Mbuvi Kioko aliliingiza kisheria katika majina yake neno "Sonko", ambalo kwa lugha ya mitaani ni mtu mwenye fedha. Mwaka 2017 akachaguliwa Gavana wa Nairobi. Desemba 2020 Seneti ikamvua ugavana. Uingereza, mwaka 2010, bondia wa zamani Terry Marsh alibadili jina likawa na maana ya "hakuna hata mmoja kati ya hawa", ili asiyeridhika na wagombea apate pa kuweka alama. Hakushinda. Na huko Kongo, mwaka 1972, Joseph-Désiré Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko, akawaamuru na raia waache majina ya Kikristo. Alipoondolewa mwaka 1997 jina lilikuwa refu, na wananchi walikuwa maskini.

Je, kubadili jina ni kosa? Hapana. Mtume wetu (S.A.W.) alibadili majina ya watu. Aliyeitwa Asiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Na Zaynab, binti wa Bibi Ummu Salama (R.A.), mwanzo aliitwa Barra, yaani mwema. Mtume (S.A.W.) akaelekeza abadilishiwe, ili watu wasijitakase wenyewe. Tazameni tofauti, wanangu: yeye aliondoa sifa ndani ya jina, na mgombea wa leo anaitia.

Wapo watakaosema kwamba mtu ana haki ya kuitwa kwa jina analojulikana nalo. Ni kweli. Hapa mkoani kwetu Profesa Jay alichaguliwa Mbunge wa Mikumi mwaka 2015, na Babu Tale wa Morogoro Kusini Mashariki mwaka 2020. Mitaani waliitwa hivyo, na Bungeni wakaandikwa Joseph Haule na Hamisi Taletale, majina ya wazazi wao. Hata Abu Hurayra (R.A.) tunamjua kwa lakabu ya kipaka chake. Lakini hatumheshimu kwa ajili ya paka. Tunamheshimu kwa hadithi alizotuhifadhia.

Basi enyi vijana mnaokaribia umri wa kupiga kura, jina la mgombea lisomeni, kisha ulizeni: amefanya nini? Nanyi wazazi, jina mlilompa mtoto ni amana. Mwelezeni maana yake, asije akaliona halina thamani mbele ya watu.

Yule kijana sikumfuta. Nilimwambia asimame awaeleze wenzake atawafanyia nini. Akafikiri kidogo, akasema ndoo za udhu zitakuwa zimejaa kabla ya adhana ya Alasiri. Wakamchagua. Tangu siku hiyo wenzake wanamwita kwa jina lolote wapendalo, ila kila Alasiri wanachungulia ndoo.

Wabillahi tawfiiq.