Kadi ya Grafiki ya Mtumba: Yafaa Kununuliwa?

Mvuvi wa Musoma anunuapo mashine ya mtumbwi iliyokwisha kutumika, hatosheki na maneno ya muuzaji. Huitia mashine hiyo katika pipa la maji, huvuta kamba, kisha hutega sikio. Ikikohoa, bei hushuka au biashara huvunjika. Mwalimu au mwanafunzi wa mkoa huohuo wa Mara anunuapo kifaa cha kompyuta kilichokwisha kutumika, aghalabu hulipa kwanza na kutega sikio baadaye, akiwa nyumbani, wakati muuzaji amekwisha kuzima simu. Si kwamba mvuvi ana akili zaidi ya mwalimu. Mvuvi analijua pipa lake. Mwalimu hajaonyeshwa la kwake.

Kifaa kinachojadiliwa hapa ni kadi ya grafiki. Je, kadi iliyotengenezwa miaka minane au kumi iliyopita, na iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, yafaa kununuliwa leo na mtu wa Musoma, Bunda au Butiama? Wako wasemao kwamba vitu vya mtumba ni takataka za mataifa tajiri, na kwamba kuvinunua ni kujidhalilisha. Wako pia wasemao kwamba mnyonge hana budi kuchukua akipatacho. Rai zote mbili zina kasoro moja: zinatazama kitu kilikotoka, hazitazami maisha yaliyobaki ndani yake.

Kwanza yafaa ieleweke kazi ya kadi hiyo. Kioo cha kawaida cha kompyuta kina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla yake vitone 2,073,600. Picha ikibadilika mara 60 kwa sekunde, rangi za vitone zaidi ya milioni 124 hazina budi kukokotolewa katika kila sekunde moja. Prosesa, yaani ubongo mkuu wa kompyuta, ina viini vichache vyenye nguvu nyingi: vinne, sita, pengine vinane. Kadi ya grafiki ina mamia au maelfu ya viini vyenye nguvu ndogo. Mkulima wa pamba wa Bunda ataielewa tofauti hiyo bila taabu. Kila tumba la pamba huweza kuchumwa bila kungoja jingine, hivyo watu mia wenye kasi ya wastani watalimaliza shamba kabla ya mabingwa wanne. Vivyo hivyo kila kitone cha picha huweza kukokotolewa bila kungoja jirani yake. Kadi ya GTX 1050 Ti, iliyotolewa na kampuni ya NVIDIA mwaka 2016, ina viini 768 vya namna hiyo.

Hesabu za picha zinafanana sana na hesabu za matriki, ambazo ndizo msingi wa kile kiitwacho akili bandia. Mwaka 2012 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton, walishinda shindano la kimataifa la utambuzi wa picha la ImageNet. Walitumia kadi mbili za aina ya GTX 580, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3 tu. Hazikuwa mitambo ya siri ya serikali wala ya jeshi, bali kadi zilizouzwa madukani kwa vijana wapendao michezo ya kompyuta. Mwalimu atakaye kuwatia moyo wanafunzi wake anaweza kuisimulia habari hiyo darasani, ilimradi asiishie hapo.

Kwa maana kadi ileile ya GTX 580 ikiokotwa leo katika kibanda cha fundi, huenda feni yake ingali ikizunguka na chipu yake ingali nzima, lakini manufaa yake ni haba mno. Kilichoiua si joto wala vumbi. Kila kadi huhitaji programu endeshi, ambayo mafundi huiita draiva, ili kompyuta iweze kuzungumza nayo. Mwaka 2018 NVIDIA iliacha kuzitolea kadi za kizazi hicho maboresho ya kawaida, na programu mpya zikaendelea mbele bila kuzingojea. Hapa ndipo mfano wa mashine ya mtumbwi unapokoma kufaa. Mashine ya mtumbwi hufa inapochakaa. Kadi ya grafiki huweza kufa ingali nzima, kwa uamuzi uliopitishwa katika ofisi iliyo mbali sana na Ziwa Viktoria.

Jambo hilo limewafikia wanunuzi wa sasa. Kadi za kizazi kiitwacho Pascal, ambazo ndizo zinazopendwa mno katika biashara ya mitumba, kama vile GTX 1050 Ti na GTX 1060 za mwaka 2016, zilifikia ukomo wa maboresho ya kawaida Oktoba 2025. Kilichobaki, kwa tangazo la kampuni yenyewe, ni marekebisho ya usalama yatolewayo kila robo mwaka hadi Oktoba 2028. Aidha, toleo la 13 la CUDA, zana ya NVIDIA ya kufanyia hesabu katika kadi, lililotoka Agosti 2025, halizitambui tena kadi hizo. Matoleo ya nyuma ya zana hiyo yangali yakifanya kazi, na mwanafunzi anayeanza kujifunza hatapungukiwa na kitu. Lakini muuzaji hatazitaja tarehe hizo, nazo ni sehemu ya bei. Tuseme kadi inauzwa Sh 150,000 na mnunuzi anaichukua Aprili 2026. Imebakiza miezi 30 ya kuhudumiwa na mtengenezaji wake, basi gharama yake ni Sh 5,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo ni ya darasa la tano, lakini ni wachache waifanyao kabla ya kufungua pochi.

Wale watumiao mfumo huria wa Linux wana nafuu fulani. Programu endeshi za kadi za kampuni ya AMD za mwaka 2016 na 2017, kama RX 550 na RX 580, zimo ndani ya mfumo wenyewe, na maandishi yake yako wazi kwa yeyote awezaye kuyasoma na kuyarekebisha. Kadi ya namna hiyo haitegemei hisani ya mtengenezaji peke yake. Kwa kuchora na kuonyesha picha, huo ni ubora ambao shule ingepaswa kuuthamini kuliko kasi. Kwa hesabu za akili bandia kadi hizo hazifai sana.

Lipo pia suala la umeme. Kadi ya RX 580 hutumia hadi wati 185, na GTX 1050 Ti hadi wati 75. Zikifanyishwa kazi kwa nguvu zote saa nne kila siku kwa siku 30, ya kwanza itakula uniti 22.2 na ya pili uniti 9. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016, mteja wa kawaida wa TANESCO alilipa Sh 292 kwa uniti kabla ya kodi. Kwa bei hiyo tofauti ya kadi hizo mbili ni zaidi ya Sh 46,000 kwa mwaka. Mteja mdogo alilipa Sh 100 tu kwa uniti, kwa sharti la kutozidi uniti 75 kwa mwezi. Katika nyumba kama hiyo kadi ya wati 185 ingemeza karibu theluthi ya kiwango chote, kabla ya kuhesabu kioo, kompyuta yenyewe, taa na redio. Nusu ya bei ya kadi kubwa hulipwa dukani; nusu nyingine hulipwa kidogokidogo katika luku.

Kompyuta nyingi za mitumba zitumikazo mashuleni ni zile za ofisini, zenye masanduku membamba. Dell OptiPlex 7010 ya sanduku jembamba, kwa mfano, ina pawasaplai ya wati 240 kwa mashine nzima, wala haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kadi isiyo na waya wake hupata umeme kutoka katika tundu la mazabodi peke yake, na kanuni ya tundu hilo ni wati 75, pengine pungufu kwa uamuzi wa mtengenezaji wa kompyuta. Tena kadi ya kimo cha kawaida haiingii katika sanduku hilo. Inatakiwa ile ya nusu kimo. Mwanafunzi anayenunua kadi kabla ya kupima sanduku lake kwa rula ni sawa na anayenunua kiatu kwa kukisia mguu.

Wati zote ziingiazo katika kadi hutoka kama joto, na joto hilo huondolewa na hewa. Uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya nane, joto likiwa sawa, hivyo feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu. Walimu wa fizikia hawatapata mfano mzuri zaidi wa kufundishia msongamano wa hewa. Kando ya ziwa kuna pia wale wadudu wadogo wapaao kwa makundi mithili ya moshi. Wakivutwa na taa usiku huingia katika kila upenyo, wakafa humo na kushikamana na vumbi.

Watu wengi wanaziogopa kadi zilizotumika katika uchimbaji wa sarafu za kidijitali. Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha kutumia kadi katika kuhakiki miamala, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Hofu hiyo ina ukweli, ila imezidishwa. Kinachochosha lehemu inayoshika chipu ni kupanuka na kusinyaa kwa kupashwa moto na kupozwa mara kwa mara, na kadi iliyokaa katika joto moja huepuka sehemu ya adha hiyo. Feni ndizo zinazochakaa kwanza, na feni hubadilishika. Cha kuogopwa zaidi ni udanganyifu. Zipo kadi za kale, kama GTS 450, zilizobadilishwa maandishi yaliyo katika kumbukumbu yao ya ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Kompyuta yenyewe hudanganyika. Programu ya GPU-Z, ipatikanayo bure, imekuwa na uwezo wa kuzitambua kadi za bandia tangu mwaka 2018, kwa kuisoma chipu badala ya jina.

Pipa la mwalimu, basi, ni hili. Kadi ichomekwe katika kompyuta, ikiwezekana ileile itakayotumika. GPU-Z ifunguliwe, na jina, viini na kumbukumbu vilinganishwe na vile vilivyotangazwa na mtengenezaji. Kisha kadi ilemewe na kazi nzito, kwa programu kama FurMark, kwa muda wa robo saa, huku joto likitazamwa. Likikimbilia nyuzi 90, au madoa na mistari ya ajabu ikitokea kiooni, fedha zibaki mfukoni. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kulijibu. Desturi ya kutuma fedha Mwanza au Kariakoo na kungoja kifurushi kwa basi haifai kabisa kwa kifaa cha aina hii. Nauli ya kwenda na kurudi Mwanza ni ndogo kuliko bei ya kadi mfu.

Kwa upande mwingine, wengi waulizao kuhusu kadi hawaihitaji. Kuandika barua, kupanga matokeo ya mtihani katika jedwali na kutazama filamu za masomo ni kazi ziwezwazo na grafiki iliyomo ndani ya prosesa. Kadi yahitajika kwa michoro ya uhandisi, kwa picha za Blender, na kwa kijana wa Butiama anayejiandaa kwa masomo ya teknolojia katika chuo kikuu kinachoitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere kilichopo hapohapo. Naye, akitaka kujaribu akili bandia kwa dhati, ataziona gigabaiti 4 kuwa chache mno. Huduma ya Colab ya Google hukopesha bure kwa saa chache, kwa kadiri ipatikanavyo, kadi ya T4 yenye gigabaiti 16. Bando la intaneti lina gharama yake, lakini halina feni ya kuharibika.

Tanzania ina kumbukumbu yake katika mambo haya. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, baada ya mitambo hiyo kuonekana kula fedha za kigeni pasipo matunda yaliyotarajiwa. Marufuku hiyo hulaumiwa sana leo, na iliichelewesha nchi kwa kweli. Hata hivyo swali lililokuwa nyuma yake, yaani ni nani atakayekihudumia kitu hiki mtengenezaji akikiacha, halikuwa la kipumbavu, na kila mnunuzi wa mtumba anaulizwa swali hilohilo.

Shule ya Bunda yenye kompyuta kumi za ofisini, basi, isinunue kadi kumi. Inunue moja, ya wati 75 au pungufu, ya nusu kimo, iliyojaribiwa mbele ya mwalimu, na iifunge katika kompyuta iliyo mbali na dirisha la upande wa ziwa, nyuma ya stabilaiza. Wanafunzi wafanye zamu. Kadi nyingine za zamani zikiletwa kama msaada, zipitie jaribio lilelile, na zinazoshindwa zirudishwe kwa mleta msaada siku hiyohiyo; tangu mwaka 2021 nchi ina kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na stoo ya shule si mahali pa kuzihifadhi.