GPS yako mtandaoni: usiache mlango wazi

Leo nataka kuzungumzia kile kipokezi cha GPS kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa siriali. Vingi hutema mistari ya NMEA 0183 kwa kasi ya biti 4800 kwa sekunde, na waya wenyewe haukuundwa kuvuka zaidi ya mita 15 hivi. Je, ukitaka kukisoma ukiwa mji mwingine?

Njia ya mkato inayopendwa ni kuchukua ser2net au socat na kuimwaga siriali yote mtandaoni. Inafanya kazi, lakini mimi siipendi. Siriali ni ya njia mbili: anayeweza kusoma anaweza pia kuandika. Mgeni akikituma amri kipokezi chako kibadilishe kasi, wewe utabaki ukisoma takataka.

Maoni yangu ni haya: tumia gpsd. Ni programu huria. Yenyewe ndiyo hushika siriali, kisha programu nyingi kwa pamoja huiuliza kupitia poti 2947 na kujibiwa kwa JSON iliyo rahisi kusoma. Kwa kawaida husikiliza ndani ya kompyuta hiyo tu. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kuongeza -G ili isikilize kila upande. Ngoja kwanza! gpsd haina nywila. Ukiifungulia intaneti, yeyote atakayebisha atajua gari liko wapi, na kwamba nyumbani hakuna mtu. Mwizi atataka nini zaidi?

Dawa ni SSH. Ikiwa kompyuta iko ndani ya gari na inatumia laini ya simu, mara nyingi hutaweza kuifikia moja kwa moja, kwa sababu kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja. Basi acha gari lenyewe lipige hodi kwenye seva yako:

ssh -N -R 2947:localhost:2947 mimi@seva-yangu

Kisha ukiwa kwenye seva, andika gpspipe -w, na data itaanza kumiminika. Njiani imefungwa kwa siri, na poti haionekani kwa walio nje.

Jambo moja zaidi: amini saa iliyomo ndani ya data, si saa uliyoipokea. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa husonga mita 22 hivi kila sekunde. Mtandao ukichelewa sekunde 2, umekosea mita 44, na hiyo ni barabara nyingine kabisa mjini.

Kuna watakaosema haya yote ni usumbufu kwa kigari kimoja. Lakini dereva unayemfuatilia ni mtu, na Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu 2019. Amri moja ya SSH ni usumbufu mdogo sana. Au wewe waonaje?