Nilibadili tairi, mdogo wangu nusura yamkute

Leo sina kisa cha harusi wala cha mtu kufumaniwa. Nina kisa cha tairi. Sasa usifunue ukurasa haraka haraka eti kwa sababu huna gari na kila asubuhi unagombania daladala. Kuna siku utapewa lifti na mshikaji kama mimi, na roho yako itakuwa juu ya mpira wake.

Basi bwana, mnatujua vijana wa mjini. Ukipata visenti, kitu cha kwanza ni usafiri. Wenzangu wenye akili wananunua vigari vinavyokunywa mafuta kwa adabu. Mimi nikaona hapana, ngoja na mimi nitese. Nikaagiza BMW 320i ya mwaka 2009, mtumba kutoka Japani. Nyeusi tii, ringi za inchi 17, redio inaongea Kijapani, na menyu zote kwenye kioo Kijapani kitupu. Siku naitoa bandarini, watoto wa mtaani kwetu Tabata waliisindikiza mbio mpaka getini. Wiki nzima nikawa nauza sura tu, hata dukani kununua vocha naenda na gari.

Raha ikaanza kuingia mchanga kwenye ile barabara yetu ya vumbi. Kila kishimo, kishindo chake kinanipata kwenye uti wa mgongo. Tuta nalipanda taratibu kama nimebeba trei la mayai, lakini wapi! Siku moja nikampeleka mama msibani Kimara. Aliposhuka akashika kiuno, akaliangalia gari, akaniangalia mimi. Akasema, "Mwanangu, hili umelinunua kwa hela yako kweli, au kuna mtu alikuwa anataka kuliondoa kwake?"

Nikakimbilia kwa fundi tairi wa kijiweni. Akainama, akasoma maandishi ubavuni, akacheka.

"Braza, hizi ni ranflati. Ndo maana unapigwa."

Kwa wasiojua, ranflati ni tairi yenye ubavu mnene na mgumu kuliko kawaida. Tairi ya kawaida ikiishiwa upepo, ubavu unajikunja kama chapati na ringi inakaa chini. Ranflati ikiishiwa upepo, ule ubavu unabeba gari wenyewe. Wenye kuzitengeneza wanasema kwa kawaida unaweza kwenda kama kilomita 80, mwendo usizidi 80 kwa saa, ukafika kwa fundi bila kuchafua mikono. Utazitambua kwa alama ubavuni, ingawa kila kampuni ina yake: Bridgestone wanaandika RFT, Goodyear ROF, Continental SSR, Michelin ZP.

Na kwa sababu hiyo, BMW wengi wa miaka ile walitoka kiwandani bila tairi ya spea na bila jeki. Hayo niliyasikia, nikayaitikia, na yakapitia sikio la pili. Kumbukeni hapo, maana ndipo kisa kinapoanzia.

Haikupita muda, nikaona utamu wa hizo ranflati. Nimetoka Buguruni, taa ya njano yenye alama ya tairi ikawaka. Nikateremka, naona moja imelala kidogo tu. Nikarudi ndani, nikaenda zangu mdogo mdogo mpaka nyumbani. Ebo! Nikatamba mtaa mzima. Mdogo wangu wa kike, ambaye ni muuguzi na ndiye ninayemwazima gari akiwa na zamu ya jioni, nikamwambia kwa kifua kipana, "Gari hii haijui pancha. Ukiona inayumba usisimame, wewe kanyaga mpaka ufike."

Kesho yake fundi akaivua ile tairi. Jasho lilimtoka, maana ubavu mgumu haukubali vyuma vyake vya kung'olea, ikabidi twende kwenye mashine. Ndani tukakuta unga mweusi wa mpira, kama mtu kasaga mkaa. Fundi akasema hii haizibwi. Kwa nje inapendeza, lakini ubavu umeshasagika kwa ndani, na ukiitia upepo utakuwa unatembea na bomu. Nikaulizia mpya. Bei niliyotajiwa kwa ranflati moja ilikaribia kununua mbili za kawaida. Jamaa mmoja akataka kunipa za mtumba. Nikamwonyesha ule unga, nikamuuliza, "Na hizo zako ndani zikoje?" Akaanza kuangalia mawingu.

Hapo akaingia mshikaji wangu mmoja, mtoto wa Ilala, ambaye magari kwake ni dini. Akaniambia achana na ranflati, vaa tairi za kawaida zile za spidi. Ringi za gari lenyewe hazina kinyongo, zinapokea aina zote mbili. Ila akanipa masharti.

Badili zote nne. Usichanganye ngumu na laini, gari litakuwa kama mtu aliyevaa buti mguu mmoja na kandambili mguu wa pili. Saizi ibaki ileile ya kwenye kibandiko cha mlangoni. Yangu ni 225/45 R17. Maana yake upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya huo upana, ringi inchi 17. Baada ya hapo kuna 91W. Hiyo 91 ni uzito, kila tairi inabeba kilo 615, na W ni mwendo usiozidi kilomita 270 kwa saa. Usishuke chini ya hapo kwa kufuata bei. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT. Ukikuta 2319, ujue ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama muuzaji anaapa kwamba imeshuka juzi.

Nikavunja kibubu, nikaenda Gerezani. Nne mpya zikafungwa, zikapigwa balansi, magurudumu yakanyooshwa.

Jamani! Kutoka pale nilidhani nimebadilishiwa gari. Tuta linapita kama mto wa pamba. Kelele zimepungua. Mwanzoni usukani unauona mlegevu kidogo, maana ule ubavu mgumu ulikuwa unajibu haraka, lakini ukizoea utasahau. Na tairi za spidi mpira wake ni laini, unashika lami kama kupe. Siku ya mvua pale Tazara daladala lilinikatia mbele, nikakanyaga breki, gari likasimama palepale. Ubaya wake ni kwamba huo ulaini unalipiwa, zinaisha haraka kuliko tairi za kawaida. Mama naye alipanda, akashuka bila kushika kiuno, akasema, "Sasa hili ni gari." Nikajiona mwanamume.

Siku ya pili ile taa ya njano ikawaka. Nikapima upepo, tairi zote nzima. Mshikaji akanieleza kwamba gari langu halina kipimo ndani ya tairi. Linahesabu mizunguko. Tairi ikipungua upepo inakuwa ndogo kidogo, inazunguka haraka kuliko wenzake, ndipo taa inawaka. Kwa hiyo ukibadili tairi, lazima uingie kwenye menyu uliambie gari lianze kuhesabu upya. Menyu yenyewe ndiyo ile ya Kijapani. Nikabonyezabonyeza, nikaishia kubadili saa. Nikasema potelea mbali. Na mdogo wangu nikamwambia, "Hiyo taa ipuuze, inajiwakia tu."

Msomaji wangu, hesabu mwenyewe makosa hapo. Mimi sikuyahesabu.

Siku ya siku mdogo wangu alitoka zamu usiku, anarudi kwake Mbagala. Akashika Barabara ya Kilwa. Maeneo ya Uhasibu akaona usukani unavuta kushoto. Taa imewaka, lakini kaka si alisema ipuuzwe? Gari linayumba, lakini kaka si alisema usisimame, kanyaga? Mtoto mtiifu yule. Akakanyaga. Akapita Sabasaba, akapita Aziz Ali, gari linazidi kuwa zito na kunguruma. Kufika Mtongani tairi ya mbele kushoto ikachanika na kuvuka kwenye ringi. Chuma kikala lami, cheche zikaruka, gari likamvuta kuelekea ukingoni. Daladala lililokuwa nyuma lilipiga breki na honi pamoja, likampita kwa upana wa kiganja.

Simu iliniingia saa tano na nusu. Alikuwa hasemi, anahema tu. Nikadandia bodaboda na kaptula yangu ya kulalia.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi la mama muuza chipsi, na gauni lake jeupe la kazini, mikono imeshikana magotini. Yule mama alikuwa amempa maji na kumfunika kanga mabegani. Vijana wa pale wameweka matawi barabarani ili magari yaone. Mmoja akaniambia, "Bosi, toa spea tukufungie." Nikafungua buti. Mlikuwa na viatu vyangu vya mpira na chupa tupu ya soda. Spea hakuna. Jeki hakuna. Spana hakuna. Kila mtu akaniangalia, nikatamani niingie mimi ndani ya buti.

Mdogo wangu hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, si ulisema gari hii haipati pancha?"

Nikamwambia nilibadili tairi.

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

Akanyamaza, kisha akasema, "Ungeniambia tu. Ningesimama pale Uhasibu."

Usiku ule, nikisubiri gari la kuja kutuvuta, ndipo nilipoelewa kile kilichopitia sikio la pili. Gari langu lilikuwa na spea tangu siku ya kwanza. Ilikuwa imefichwa ndani ya zile tairi ngumu, nne zote. Mimi nilipozivua kwa ajili ya kiuno changu na cha mama, niliitupa na spea. Sikuweka nyingine mahali pake, na aliyekuwa anaendesha sikumwambia.

Sikusemi urudi kwenye ranflati. Mimi sijarudi, na barabara zetu mnazijua. Ninachosema ni kwamba ukizivua, kuna deni umebaki nalo, lilipe siku ileile. Mimi nimelipa hivi. Nimetafuta ringi ya inchi 16 ya gari la aina yangu, nimeivika tairi ya 205/55. Kimo chake kinakaribia kabisa kile cha zile za 17, kwa hiyo inanifikisha kwa fundi. Inakula nusu ya buti, nimeifunga kwa mkanda isirukeruke, na wanaotaka kupakia magunia wakaombe kwingine. Pembeni yake kuna jeki, spana inayoingia kwenye bolti zake, tochi, pembetatu za kuonya na kipampu kidogo cha umeme wa gari. Upepo napima kila wiki asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. "Tia wa kutosha, fundi" nimeiacha. Menyu ya Kijapani nayo mshikaji alinisomea kwa subira, taa ikazimika. Sasa ikiwaka, ni ya kweli.

Na lile kubwa halina bei. Nilimpeleka mdogo wangu uwanjani Jumapili moja, nikamfundisha kufunga tairi mpaka akanishinda kwa haraka. Nikamwambia mbele ya mama, "Hizi za sasa ni za kawaida. Likiyumba, punguza taratibu, washa taa za kuonya, simama pembeni penye watu." Akanijibu, "Nimeshajua kaka, nilijifunza Mtongani."

Gari bado namwazima. Ila siku hizi, kabla hajapokea ufunguo, anazunguka tairi moja moja akizigonga kwa kiatu, kisha anafungua buti kuhakikisha. Ananiangalia, mimi naangalia chini.

Wewe nawe, kabla hujamwazima mtu gari wikiendi hii, mwambie ulichobadili. Tukutane wiki ijayo panapo majaliwa.